Albamu ya kumuenzi mtunzi: namna ya kurudia nyimbo zake ukiwa Mtwara au Lindi

Mwongozo huu ni wa kikundi, studio au kamati inayotaka kukusanya wasanii 8 mpaka 12 warudie nyimbo za mtunzi mmoja anayeheshimika, awe hai au marehemu, kisha zitoke kama albamu moja. Hesabu miezi kumi tangu kikao cha kwanza mpaka uzinduzi. Anayekwambia wiki tatu amehesabu siku za studio tu. Kuwatafuta warithi hakumo kwenye hesabu yake.

Shikeni jambo moja tangu mwanzo: anayeenziwa hapa ni mtunzi. Gitaa, biti, sauti na mwendo vinaweza kubadilika, lakini maneno na tuni ndiyo mali yake. Mkigombana studio kuhusu lolote, rudini kwenye swali hili: je, mtu atakayesikiliza atatoka na maneno ya mzee au atatoka na mbwembwe za mwimbaji?

Ratiba kwanza, maana huku kuna misimu

Masika yetu ni moja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na mvua juu ya bati haichujiki na programu yoyote. Miezi hiyo fanyeni kazi za mezani: ruhusa, kaseti, maneno. Rekodini kuanzia mwanzoni mwa Mei, mmalize ngoma za asili kabla ya likizo ya Juni, kwa sababu unyago na jando vikianza wapigaji wazuri hamtawapata hata kwa fedha. Julai na Agosti ni za miksi. Maonyesho ya Nane Nane viwanja vya Ngongo, Lindi, yanafaa kuonjesha nyimbo mbili. Albamu yenyewe itoke kuanzia mwishoni mwa Oktoba, minada ya korosho ikishaanza na malipo yakishawafikia watu. Ukizindua Machi utapigiwa makofi, lakini mfuko hautajaa.

Hatua ya 1: Jua wimbo ni wa nani

Andika nyimbo 20, mtachagua 10. Kila wimbo upe ukurasa wake: nani alitunga maneno, nani alitunga tuni, nani aliimba, bendi gani, mwaka gani, na ilirekodiwa wapi. Kosa la kila siku ni kumchukua mwimbaji kuwa ndiye mtunzi. Kwenye bendi za dansi mtu mmoja aliandika, mwingine akaimba, wa tatu akaongeza kipande cha gitaa ambacho ndicho watu wanachokikumbuka. Waulize angalau watu wawili waliokuwapo, kila mmoja kwa wakati wake.

Wimbo mmoja una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, ya pili ni ya ile rekodi yenyewe. Mkiimba upya mnahitaji ruhusa ya mwenye utunzi. Mkikata kipande cha sauti ya zamani, hata sekunde nne za utangulizi, mnahitaji pia ruhusa ya mwenye rekodi. Nyimbo nyingi za zamani zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda za redio ile ziko TBC, shirika la utangazaji la taifa. Ushauri wetu: msitumie vipande vya zamani kabisa. Vinachelewesha kila kitu.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Aliyefariki 1990, nyimbo zake zina mwenyewe mpaka 2040. Kama alitunga akiwa mwajiriwa wa bendi ya shirika au jeshi, ulizeni mkataba ulisemaje, maana mwajiri anaweza kuwa na neno. Kama wimbo una sehemu iliyotoka kwenye ngoma ya asili, iandikeni hivyo, na mpitie kwa afisa utamaduni wa halmashauri ili awaelekeze Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Nyimbo za ndani ya unyago ni habari nyingine. Muulizeni kungwi au nyakanga kabla hata ya kuziweka kwenye orodha. Akisema huo hauimbwi nje, uondoeni na msimbembeleze.

Hatua ya 2: Kubisha hodi

Msiende na fomu siku ya kwanza. Tangulizeni mtu anayeheshimika mtaani au ndugu wa mzee, nendeni watu watatu wasiozidi, na msemaji awe mmoja. Siku ya kwanza ni ya salamu na nia. Siku ya pili ni ya nyimbo. Karatasi inafuata siku ya tatu.

Kama mtunzi ni marehemu, mtu wa kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na hati ya uteuzi muione kwa macho. Kusaini na mtoto mkubwa kwa sababu tu ndiye anayeongea sana ni njia fupi ya kusimamishwa wiki ya uzinduzi. Kama mirathi haijafunguliwa, gharama ya kuifungua iingie kwenye bajeti yenu, na muda wake pia.

Karatasi ya kila wimbo inatosha kuwa fupi hivi:

*Mimi …………, mtunzi wa wimbo uitwao …………, namruhusu ………… aurekodi upya mara moja, uimbwe na …………, uwekwe kwenye albamu iitwayo ………… . Ruhusa hii ni ya kurekodi, kuuza na kusambaza kwa mtandao, fleshi na redio. Haihusu matangazo ya biashara wala kampeni za siasa. Maneno yataimbwa kama yalivyo kwenye karatasi niliyosaini. Kuyabadili au kuyatafsiri kunahitaji ruhusa yangu tena. Nitalipwa shilingi ………… siku ya kusaini, na asilimia ………… ya fedha itakayoingia kwa wimbo huu kabla ya kutoa gharama. Hesabu italetwa kila miezi 6. Wimbo unabaki wangu.*

Maneno "kabla ya kutoa gharama" msiyaruke. Asilimia 50 ya faida inaweza kuwa sifuri kwa miaka mitatu, wakati asilimia 15 ya kila kinachoingia inaonekana tangu mwezi wa kwanza. Someni karatasi kwa sauti mbele ya familia, nakala ziwe mbili, mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Asiyeandika aweke dole gumba. Wakili akigonga muhuri ni bora zaidi. Baada ya hapo pelekeni nakala COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, pamoja na orodha ya nyimbo, na mhakikishe utunzi wa mzee umesajiliwa kwa jina lake. Kama haujasajiliwa, msaidieni asajili kwanza.

Hatua ya 3: Kaseti

Mara nyingi chanzo pekee ni kaseti iliyokaa kabatini, Mikindani au Kilwa, na hewa ya bahari imeshaila. Kabla ya yote, vunja vile vidude viwili vya plastiki juu ya kaseti, upande wa mgongo, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Itazame kwenye mwanga: kama kuna unga mweupe kwenye mkanda, hiyo ni kuvu, usiiweke kwenye deki mpaka isafishwe, maana itachafua kichwa na kuambukiza kaseti nyingine.

Safisha kichwa cha deki na kile kiroli cha mpira kwa pamba na spiriti safi, subiri dakika 5 pakauke. Peleka kaseti mbele mpaka mwisho, kisha irudishe mwanzo, ndipo upige. Mkanda uliokaa miaka bila kuzungushwa hugandamana, na ukiupiga moja kwa moja hukatika. C60 ina mkanda mgumu kidogo, C90 mwembamba, C120 hunasa kwa jambo dogo. Ukikatika, unganisha kwa utepe maalumu wa kanda. Selotepu ya dukani gundi yake huvuja na kunata kichwani.

Toa sauti kwenye tundu la laini, au la hedifoni kama laini haipo, uingize kwenye kadi ya sauti, urekodi kwa biti 24 na 48 kHz. Kama sauti ni nzito, imefunikwa, kabla ya kuilaumu kaseti tafuta skrubu ndogo ubavuni mwa kichwa. Weka alama ya wino pale ilipo, kisha izungushe kidogo kidogo huku ukisikiliza mpaka herufi "s" na manyanga yasikike wazi. Ukimaliza irudishe kwenye alama.

Deki kukimbia au kuvuta ni kawaida. Asilimia 6 ya mwendo ni nusu noti. Kama wimbo unakaa katikati ya noti mbili na hakuna kinanda kinachokubaliana nao, tatizo ni mwendo. Tafuta sehemu ambayo mtu anaongea, punguza au ongeza mpaka sauti yake iwe ya binadamu. Msipofanya hivi mtampa mwimbaji wimbo ulio juu kuliko mzee alivyoimba, halafu mseme wazee walikuwa na sauti nyembamba.

Hatua ya 4: Maneno

Hapa ndipo albamu inapopona au kufa, kwa hiyo tengeni wiki tatu nzima.

Watu wawili wasikilize kaseti kila mmoja peke yake, waandike maneno bila kuonyeshana. Kisha linganisheni. Pale mlipotofautiana ndipo pa kwenda kumuuliza mtunzi. Mkiandika pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda, na kosa lake litakuwa kosa la wote.

Tuseme kuna mstari huu:

*Maji yamekupwa leo, ngalawa i mchangani.*

Mwandishi wa kwanza, aliyelelewa bara huko Nachingwea, kasikia "maji yamekupa leo". Herufi moja imepotea, na bahari iliyokupwa imegeuka kuwa maji yanayompa mtu zawadi. Mwimbaji kijana naye anaona "i mchangani" ni kosa la uandishi, anaimba "iko mchangani". Hesabu mizani kwa vidole: nga-la-wa-i-m-cha-nga-ni ni mizani 8, sawa na kipande cha kwanza. Ukiongeza "ko" zinakuwa 9, tuni inajikwaa, na prodyuza anasogeza biti kufuata kosa. Hakuna aliyekosa kwa ubaya. Wote walidhani wanamsaidia mzee.

Ukienda kuuliza, usimsomee mstari wako ukataka aseme ndiyo. Wazee wengi watakubali kwa adabu tu. Muombe aimbe mwenyewe:

"Shikamoo babu. Hapa ubeti wa pili tumeshindwa kuusikia. Tuimbie kidogo."

"Marahaba. Maji yamekupwa. Wewe kwenu hakuna bahari?"

Rekodi kikao hicho kwa simu, na andika tarehe. Kama mstari umekuja tofauti na wa kwenye kaseti, muulize anautaka upi. Ana haki ya kurekebisha wimbo wake, na mara nyingine kanda ile ilirekodiwa kwa haraka au kwa woga wa maneno fulani.

Muulize pia kuhusu beti zilizoachwa. Mwaka 1991 jarida la Ufaransa Les Inrockuptibles lilipoandaa albamu ya kumuenzi mtunzi wa Kanada Leonard Cohen, "I'm Your Fan", mwanamuziki John Cale alimuomba Cohen maneno ya "Hallelujah", wimbo wa 1984 ambao wakati huo haukuwa na jina kubwa. Kwa simulizi ya Cale, zilikuja kwa faksi kurasa 15 za beti, naye akachagua zake. Toleo hilo ndilo mwimbaji Jeff Buckley alilolifuata mwaka 1994, na wimbo ukazunguka dunia. Kumbe wimbo ulifunguka kwa sababu mtu alimuomba mtunzi maneno, hakuridhika na yaliyokuwa kwenye santuri.

Mkishakubaliana, pigeni chapa karatasi moja kwa kila wimbo, mistari ihesabiwe namba, mtunzi asaini chini. Maneno ya Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua yaandikwe na mtu anayeisema lugha hiyo nyumbani, na pembeni iwekwe maana yake kwa Kiswahili ili mwimbaji wa kabila jingine ajue anachokiimba. Karatasi hii ndiyo itakayobandikwa mbele ya maiki.

Hatua ya 5: Nani aimbe nini

Gawa nyimbo kwa maneno. Umaarufu wa msanii uje baadaye. Wimbo wa mama aliyefiwa usimpe kijana wa singeli kwa sababu tu ana wafuasi wengi. Wimbo wa masihara, sawa, na huenda akautendea haki kuliko wote. Msiweke nyimbo mbili zenye mwendo mmoja kwa wasanii wa mtindo mmoja. Wasanii wakigombea wimbo ule ule, kila mmoja auimbe kwanza mbele ya mtunzi kwa gitaa moja.

Nyimbo za dansi za zamani zilikwenda dakika 7 au 8, nusu yake chemko, ile sehemu ya mwisho yenye kasi ya kuchezea. Mkizifupisha, kateni chemko, acheni beti. Kwenye "Red Hot + Riot" ya 2002, albamu ya kumuenzi Fela Kuti wa Nigeria, nyimbo ambazo kwake zilipita dakika 10 zilibanwa kuwa fupi, na kinachozishika ni kwamba wazo la kila wimbo limebaki.

Noti ipangwe kwa mwimbaji. Mwambie aimbe ubeti wenye sauti ya juu kuliko yote na kiitikio mara tatu mfululizo. Akichoka, shusheni noti moja. Mwendo upimeni kwenye kaseti: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara 4.

Hatua ya 6: Kurekodi

Wote wakubaliane biti 24, 48 kHz. Studio moja ikirekodi kwa 44.1 na nyingine ikafungua faili kama 48 bila kubadilisha, wimbo unakwenda kasi na sauti inapanda kwa karibu asilimia 9. Vilele vya sauti vikae kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo. Hakuna tuzo ya kugusa nyekundu.

Chumba kisichotengenezwa kinataka maiki ya dainamiki. Kondensa itachukua bodaboda, adhana na kuku wa jirani. Simamisha magodoro mawili ya sponji nyuma ya mwimbaji, si mbele yake, maana maiki inatazama kule mgongoni. Mkeka sakafuni. Mdomo uwe sentimita 15 mpaka 20 kutoka kwenye maiki, na soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye waya wa duara iwe katikati ili kuzuia "p" na "b". Umeme ukikatika kompyuta ikazima, mnapoteza kazi, kwa hiyo muwe na betri ya akiba na mhifadhi kila baada ya mzunguko.

Ngoma za asili zinataka siku yake. Vinganga, zile ngoma ndogo, vina mguu mmoja unaochomekwa ardhini, na kwenye sakafu ya saruji havisimami. Jazeni mchanga kwenye ndoo ya lita 20, mchomeke kila kimoja kwenye ndoo yake. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo hushika vizuri. Maiki moja mita moja juu ya vinganga vyote, nyingine sentimita 40 kutoka ngoma kubwa. Ngozi hulegea jioni upepo wa kusi ukileta unyevu. Washeni moto wa makuti nje na mrudishe ngoma motoni kila baada ya nusu saa. Jaribuni kwa kiganja: kama hakikai juu ya ngozi, moto umezidi na ngozi itapasuka. Kila wimbo ngoma zake zirekodiwe bila kupumzika katikati, la sivyo kiitikio cha pili kitakuwa na sauti tofauti na cha kwanza.

Ngoma nyingi za huku, sindimba ikiwemo, zinagawa pigo kwa tatu. Prodyuza aliyezoea kugawa kwa nne ataona kwenye skrini kwamba wapigaji "wamechelewa" na atawavuta kwenye mistari. Mzuieni. Aweke hesabu ya 12/8 kwenye programu kabla ya kuanza, au azime mistari kabisa na kufuata wapigaji.

Mtu mmoja akae na karatasi ya maneno mkononi, kazi yake ni kufuatilia mstari kwa mstari. Asiwe prodyuza, ambaye anasikiliza mambo mengine.

Hatua ya 7: Miksi na masta

Kila studio ilete miksi yenye nafasi ya desibeli 6 juu, bila limita (kile kinachobana vilele vya sauti) kwenye laini kuu, na treki zote zilizotenganishwa, zikipewa majina kama 03_besi, 03_sauti1. Masta ifanywe na mtu mmoja kwa albamu nzima. Nyimbo 10 kutoka studio 4, kila moja na masta yake, zitasikika kama redio inayobadilishwa stesheni.

Maneno yasikike. Punguza gitaa na kinanda kwa desibeli 2 au 3 kati ya 2 na 4 kHz, mahali konsonanti zinapokaa, na mwangwi uwe mfupi. Jaribio lake: mpe mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo, kwa spika ya simu, aandike ubeti wa kwanza. Akikosa maneno zaidi ya mawili, rudini kwenye miksi. Sauti ya jumla lengeni -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wimbo mzima, kilele kisivuke desibeli -1.

Hatua ya 8: Kuitoa

Kila rekodi mpya ipate ISRC yake, yaani namba ya kuitambulisha rekodi; msichukue ya zamani. Sehemu ya mtunzi jazeni jina kamili la mzee kama lilivyo COSOTA, na sehemu ya msanii jina la aliyeimba. Mkimweka mzee kuwa msanii, wimbo utaangukia kwenye ukurasa wake au utakataliwa. Msambazaji wa mtandaoni akiuliza kama wimbo ni wa kurudia, jibuni ndiyo na mpakie ile karatasi ya ruhusa. Jalada litaje watunzi, wapigaji na aliyeandika maneno.

Vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye fleshi na kadi, kuanzia stendi ya Masasi mpaka soko la Lindi, vitainakili albamu hata mfanye nini. Wapelekeeni ninyi wenyewe MP3 ya 320 yenye majina sahihi na namba ya simu ya kulipia, kabla hawajapata ile mbovu ya dakika 3 iliyokatwa kutoka redioni.

Nakala ya kwanza ni ya mtunzi, na awe na kitu cha kuipigia. Redio ndogo ya fleshi inatosha. Redio hizi nyingi hupiga nyimbo kwa mfuatano zilivyonakiliwa, hazifuati majina, kwa hiyo futa fleshi yote, kisha nakili wimbo mmoja mmoja kuanzia wa kwanza. Piga wa kwanza na wa mwisho mbele yake, umwonyeshe kitufe cha kurudia.